Mvinyo Ulionukia Mafuta ya Taa

Nilikuwa na mwaka wa sita nikifanya kazi kwa daktari mmoja mstaafu, katika nyumba yake ya mlimani juu ya bandari ya Kigoma. Alisomea Ujerumani, na huko akapenda kitu ambacho jirani zetu hawakukielewa: mvinyo mweupe wa zabibu za Riesling, mkavu, usio na utamu hata kidogo, unaotoka kwenye mabonde ya baridi. Alichimba stoo ubavuni mwa mlima, akaijenga kwa mawe, akalaza chupa zake humo zikomae kwa miaka.

"Nakwenda Dar kutibiwa macho," aliniambia. "Mlango wa stoo usikae wazi. Joto likiingia humu, basi tena."

"Sawa, Mzee."

Alikaa huko miezi minne. Masika yakaja, paa la jiko la nje likavuja, nikahamishia dumu la mafuta ya taa stooni. Nilidhani ni siku mbili tu. Likakaa wiki tatu, na nilipolitoa nilikuta limevuja, sakafu imelowa karibu na chupa. Nilisugua kwa sabuni na majivu, kisha nikaacha mlango wazi mchana kutwa, jua kali, ili harufu itoke.

Mzee alirudi na mgeni, mama mtu mzima mwenye shamba la mizabibu huko Ujerumani lililotoa chupa zile. Walikaa barazani mchana, samaki wa ziwani, migebuka ya kukaanga, mezani. Nikatumwa chupa ya zamani kuliko zote.

Nilivuta kizibo jikoni. Harufu ikanipiga puani: mafuta ya taa, wazi kabisa. Nilitaka kuiangusha makusudi, niseme imeniteleza. Nikaishika kwa mikono miwili, nikaipeleka.

Mgeni alizungusha glasi, akanusa, akafumba macho. Mzee naye akanusa. Sikuweza kusubiri.

"Mzee, nisamehe. Niliweka dumu la mafuta mle ndani. Likavuja. Na mlango nikauacha wazi."

"Mlango ulikaa wazi siku ngapi?"

"Siku moja. Kutwa nzima."

Alimtafsiria mgeni kwa Kijerumani, uso umemkauka. Yule mama aliomba kizibo, akakinusa huku na huku, akakikata katikati kwa kisu. Kisha akaonja, akazungumza taratibu.

"Anasema kizibo hakikuingiza mafuta," Mzee akatafsiri. "Riesling ikizeeka hunukia hivi yenyewe. Lakini joto linaiharakisha. Hawezi kujua umeizeesha kiasi gani."

Akanisukumia glasi yake. "Onja."

Ilikuwa kali kama ndimu, halafu ikaja ladha ya ganda la chungwa, na ya jiwe lililonyeshewa, nami nikamwambia Mzee hivyo hivyo. Machozi yalinitoka, sijui kwa ukali wake au kwa hofu.

Baada ya chakula tulikagua chupa zote. Mbili, zilizolala karibu na mlango, vizibo vilikuwa vimepanda na mvinyo umechuruzika. Mzee alizimwaga mwenyewe chini ya mpera.

Asubuhi nilimwamkia, "Shikamoo, Mzee." Alikawia kuitika. Nilisimama na birika la chai mkononi, nikiwaza nianze kufunga mizigo yangu ya kurudi kwetu Mwandiga.

"Marahaba," akasema mwishowe. "Kaa. Jana uliionja vizuri kuliko mimi. Hebu nieleze tena, ladha ilianza na nini?"