Maharage katika Sahani ya Siri

Libérata alizaliwa katika vilima vya Masisi, mashariki mwa Kongo, akasomea uuguzi, na kwa miaka mingi amewatibu wanawake waliodhulumiwa na watu wenye silaha. Wanawake hao huja katika kituo chake cha afya, juu ya mji wa Sake, wakijifanya wameleta watoto kupimwa. Kinachomnyima usingizi ni majina yao.

Majina hayo yalikuwa ndani ya programu ya zamani ambayo, umeme ulipokatika, ilipoteza kumbukumbu za dozi za wagonjwa wote. Ndipo Nestor, fundi wa kompyuta, akaitwa asaidie kuchagua kati ya programu mbili mpya. Alipanga sahani mezani, kila moja na kigezo chake: kutopoteza kitu umeme ukikatika, kuamka yenyewe baada ya hitilafu, kufanya kazi bila mtandao, kutunza siri. Kila mjumbe wa kamati ya afya, Libérata akiwemo, alipewa konzi ya maharage, ayagawe kwa uzito aliokipa kila kigezo. Kisha alama ambazo kila programu ilipata katika kila kigezo zingezidishwa kwa maharage ya sahani husika.

"Tukimaliza kupima, tupike," alisema Papa Sebarenzi, mwenyekiti wa kamati.

Programu ya kwanza ikashinda kwa mbali.

"Iko na nguvu, Mama," Nestor alisema. "Hata ordinateri, mashine zote za kituo, zikikufa, kopi iko mu telefone ya kila muuguzi."

Libérata aliiwaza njia yake ya kurudi nyumbani. Kila jioni alipita kwenye kizuizi cha barabarani, ambako wenye silaha hufungua simu za watu na kuzisoma.

"Hiyo kopi njo inaniogopesha," alijibu. Akahamishia maharage yake yote katika sahani ya siri.

"Mama, unaiba kura!" Sebarenzi alicheka. Alipouona uso wake, naye akayahamisha ya kwake.

Hesabu ikarudiwa. Ikashinda ya pili, inayoweka nakala katika mashine mbili za kituo tu, zilizofungwa kwa neno la siri.

"Na hizo mbili zikipotea?" Nestor aliuliza.

"Nitauliza wamama dawa yao, mumoja mumoja. Lakini muntu mubaya akisoma majina yao, sitakuwa na wa kuuliza."

Programu ilipokwisha kuwekwa, jioni moja kijana mwenye bunduki aliipekua simu ya Libérata kizuizini.

"Wewe njo muuguzi wa kule santre ya afya? Majina ya wagonjwa iko wapi?"

"Haiko mu telefone, kaka."

"Basi iko kule kwenu."

Akamrudishia simu akitabasamu. Libérata alitembea bila kugeuka. Njiani ndipo alipolitambua kosa ambalo hakuna sahani iliyolipima: nakala mbili chini ya paa moja ni nakala moja. Moto mmoja ungetosha, au mwizi mmoja.

Alfajiri alirudi kituoni, akaifunga moja ya zile mashine mbili mgongoni kwa kitenge, kama mtoto, akashika njia ya mashambani kuelekea kwa masista wa misheni ya Kirotshe, waifiche huko. Kila mbwa alipobweka, aliinama kati ya migomba, asijue kama yule kijana alikuwa amekwisha kuamka na kushika njia ya kituoni.