Kete za Fundi Viatu

Ni saa tano na nusu asubuhi. Fundi viatu ameshika soli mkononi, anautafuta ukingo wake kwa kidole gumba. Haitazami. Macho ameyaelekeza barabarani, na mteja aliyesimama mbele yake anadhani huo ndio ujuzi wenyewe.

Si ujuzi. Fundi haoni vizuri tangu mwaka jana.

"Nawazidi kete," fundi anamwambia mwandishi, mteja akishaondoka, wala hajigambi. "Andika tu. Nimewadanganya vya kutosha."

Kete zenyewe ni za drafti. Kumzidi mtu kete ni kumwacha na chache ubaoni, lakini neno lilishatoka ubaoni zamani likaingia mitaani. Mfanyabiashara humzidi kete mwenzake, mgombea humzidi mpinzani. Huyu, mwenye miaka hamsini na minane, anawazidi kete watu wanaomletea viatu. Kila asubuhi mkewe humtungia sindano ishirini, za uzi mweusi upande mmoja wa sponji, za kahawia upande wa pili. Zikiisha mapema, husingizia mgongo na kufunga kazi. Alikuwa akimaliza jozi kumi kwa siku. Sasa nne ni za kubahatisha.

Mchana hucheza drafti na fundi saa, jirani yake wa kibanda kwa miaka kumi na tisa. Kete zao ni vifuniko vya soda: vya fundi viatu vimelala kifudifudi, vya mwenzake vimekaa chali. Fundi saa hana huruma hata chembe. Akikufunga, mpaka jioni mtaa mzima una habari.

Ndiyo maana fundi viatu alipoanza kushinda mfululizo, mwezi uliopita, alifurahi kupita kiasi. Alimsimulia mpaka mkewe. Mkewe akaendelea kutunga sindano.

Kisha ikaja Alhamisi. Alisukuma kete, akala mbili, na fundi saa akalalamika kwamba amezidiwa tena. Kidole cha fundi viatu kilikuwa bado juu ya kete ile. Kikazama ndani ya kifuniko. Maskini, alikuwa ameisukuma kete ya mwenzake, ikala kete za mwenzake, na mwenzake akajifanya hakuona.

"Nikajiuliza, ni mara ngapi?" anasema. "Mimi najiona mjanja, namficha. Kumbe mwenzangu anajua siku zote."

Hakumwambia kitu. Alikusanya vifuniko, akaaga. Fundi saa naye, akiulizwa, anainamia saa aliyoifungua na kujibu kwamba jirani yake siku hizi amekuwa mchezaji hatari. Anasema hivyo mara mbili, bila kuinua uso.

Daktari amesema jicho la kushoto ndiyo basi tena. La kulia litapasuliwa Jumanne ijayo, na hakuahidi lolote. Mkewe ameshapanga nguo kwenye mfuko. Fundi anaogopa, na anakiri kwamba anaogopa. Mpango wake ni mmoja tu.

"Nikirudi naona, namwita jirani, tunakaa hapa hapa. Anifunge. Anifunge kweli, halafu anitangaze mtaa mzima."