Papasi Iliyokatika Ncha

Nilipokuwa nasomea digrii ya pili, nilikuwa pia nafundisha biolojia katika shule moja ya upili Kitale. Utafiti wangu ulihusu papasi za vunjajungu, zile nyuzi mbili za kichwani anazotumia kunusa na kugusa. Nilitaka kujua zinavyorefuka tangu anapoanguliwa hadi anapokomaa. Niliwafuga katika chupa za soda zilizokatwa na kufunikwa kwa neti, nikiwalisha vinzi vinavyozaliwa kwenye ndizi zilizooza.

Siku moja mwenye nyumba alitutangazia kwamba atapuliza dawa ya mende ploti nzima. Nusu ya chupa nilizihamishia shuleni, nyingine nikazipeleka Kabuchai kwa senge, dada mkubwa wa baba yangu. Senge ni fundi cherehani, na aliacha shule darasa la sita. Nilimweleza kwamba vunjajungu akikua hujivua ngozi, na ngozi ile hubaki na umbo lake lote, hadi papasi. Nikamwomba awe anaziokota na kuniwekea. Nilimwachia lenzi ya mkononi, basi tu, azione vizuri asizikanyage.

Baada ya wiki kadhaa nilirudi kuwaona. Ngozi zilikuwa zimepangwa juu ya kitambaa cheusi, kila vunjajungu na mstari wake, zimeshikwa kwa pini.

"Huyu aling'atwa na mwenzake," senge alisema. "Papasi ya kushoto ikakatika ncha. Sasa angalia. Amejivua mara tatu, ncha bado ni butu vile vile, lakini papasi inazidi kuwa refu. Hii kitu inaota kutoka upande wa kichwa."

Nilicheka. "Senge, papasi ina pingili kama muwa. Na muwa huongeza pingili kule juu."

"Muwa naujua, nimepanda tangu niolewe. Hii si muwa. Ni kama kucha."

Kulikuwa na mama mmoja aliyekuja kupimwa gauni. Mbele yake nilimwambia senge kwamba kazi yake ni kulisha, mambo ya kuhesabu aniachie mimi niliyesomea. Alichukua utepe wake akaendelea kumpima yule mama mabega.

Nikiwa Kitale niliziweka ngozi zangu chini ya hadubini. Pingili za karibu na kichwa zilikuwa fupi, nyingine zikiwa zimeanza kugawanyika mara mbili. Za nchani hazikubadilika. Senge alikuwa amesema kweli. Nilifurahi kupita kiasi, nikampigia simu msimamizi wangu wa utafiti. Senge sikumpigia.

Mwezi uliofuata walimu wa biolojia walikutana Kitale, nami nikapewa nafasi ya kuzungumza. Nilimwalika senge, nadhani nilitaka anione nikisimama mbele ya watu. Alikuja na gauni alilojishonea, akakaa safu ya nyuma. Nilieleza kwamba papasi za dume hukomaa zikiwa ndefu na nene kuliko za jike, kwa kuwa dume humtafuta jike kwa harufu. Kisha nikaeleza habari ya ncha iliyokatika.

Mwalimu mmoja kutoka Kapsokwony aliinua mkono. "Hilo la ncha uliligunduaje?"

"Niliwachunguza kwa makini," nilisema. "Nikaliona."

Nilimwangalia senge. Alikuwa akipiga makofi kama wengine.

Wakati wa chai msimamizi wangu aliuliza mgeni wangu ni nani. Nikasema ni shangazi, alinisaidia kuwalisha wadudu.

"Ndiyo," senge alisema, "mimi nilikuwa nalisha."

Nilimwacha msimamizi aamini hivyo wiki nyingine tatu, hadi msimamizi aliponitaka nipige picha zile ngozi zenye papasi iliyokatika. Zilikuwa kwa senge. Ningependa kusema nilikwenda Kabuchai kuomba msamaha, lakini nilikwenda kuchukua ngozi.

Alizitoa kabatini bila swali lolote. "Ile ya mwisho usishike na mkono, itavunjika."

Ndipo nikasema. "Senge, siku ile Kitale nilisema ni mimi niliyeona."

"Nilisikia. Si nilikuwa hapo?"

"Mbona hukusema kitu?"

"Ningesema nini? Nikuaibishe mbele ya wakubwa wako?" Alikata uzi kwa meno. "Lakini iliniuma. Na siku ya yule mama wa gauni iliniuma zaidi, juu yeye ni jirani. Anaendelea kuniuliza kama nimemaliza kulisha."

Nilimwandikia msimamizi ukweli wote. Hakunigombeza sana, alitaka nirekebishe tasnifu, na niwaeleze walimu katika mkutano uliofuata. Nilisimama nikasema kwa sauti ndogo, nusu yao wakiongea. Senge hakuja, alikuwa na sare za shule za kumaliza.

Tasnifu ilipotoka kujalidiwa nilimpelekea nakala, nikamfungulia ukurasa unaosema ugunduzi ule ni wake. Alifuata mstari kwa kidole, akasimama kwenye jina lake.

"Hapa umeandika na R," alisema. "Langu ni L. Kwa kitambulisho ni L."

Tangu utotoni nimelitamka jina hilo, na sikuwahi kumuuliza linavyoandikwa. Nakala zote zilikuwa zimeshafika chuoni. Senge alikifunga kile kitabu kikubwa, akakifuta vumbi ambalo halikuwepo, akakiweka kabatini.