Kaburi Linalotazama Lami

Kanisa letu la zamani, huku Bukombe, mapadre wa kwanza walilijenga likielekea mashariki. Nyuma ya altare kulikuwa na dirisha la duara, na asubuhi ya sikukuu ya somo wa parokia, mtakatifu msimamizi wetu, jua lilichomoza katikati yake, likamulika hadi mlangoni. Mama alituamsha mapema tukalione. Mimi niliuona usingizi tu.

Wachimba kaburi nao walilifuata kanisa. Walivuta kamba sambamba na ukuta wake, wakamlaza marehemu miguu mashariki, ili siku ya ufufuo ainuke akimtazama Kristo anakuja. Baba alilazwa hivyo.

Kuta zilipopasuka, kamati ikajenga kanisa jipya, mlango ukitazama barabara ya lami ili abiria wa mabasi ya Chato walione. Makaburi ya zamani yalishajaa, basi mapya yakaanzia kando ya kanisa hilo. Jua hakuna aliyelikumbuka. Siku ya kulibariki kanisa tulikula pilau, tukapongezana.

Mama hakula. Alinivuta pembeni.

"Ng'wanone, mwanangu, hawa wanazika watu kombo. Mimi nilazeni linakotoka jua. Sitaki kufufuka nikitazama mabasi."

"Mama, Mungu hana haja ya dira."

"Mimi ninayo."

Nilimwahidi. Nikamwambia na katekista, akaitikia.

Mama alifariki katikati ya masika. Nilitoka Geita, ninakofanya kazi, na mvua, barabara mbovu, nikafika jeneza likiwa tayari kanisani. Nilikwenda moja kwa moja kaburini. Lilikuwa limechimbwa kuelekea lami.

"Shikamoo, baba. Mama aliomba alazwe mashariki."

"Marahaba," akajibu mzee wa wachimbaji, akipangusa tope. "Hatukuambiwa. Tumevuta kamba ukutani, kama siku zote. Tulivyofundishwa na baba zetu."

Hakuwa na kosa hata moja. Kulia kulikuwa na kaburi, kushoto kaburi, na maji yalishaanza kuingia shimoni. Jua lenyewe halikuonekana, hata kumwonyesha kwa kidole nisingeweza. Nililia kwa hasira zaidi kuliko kwa msiba.

Sikukuu ya somo iliyofuata nilikwenda kaburini kabla ya Misa. Jua lilitoka palepale linapotoka miaka yote, likampiga mama ubavuni. Mbele yake basi la Chato lilipita, likapiga honi.