Ukungu Nyuma ya Kitanda

Chumba tulichopanga Sumbawanga kilikuwa cha matofali mabichi, na mvua zilipokolea ukuta wa nyuma ya kitanda ukaanza kuota ukungu. Mwanzo madoa, baadaye weusi mtupu. Nilikuwa nimetoka Mbeya na mume wangu, karani wa serikali, na mtoto wetu wa kwanza, ambaye kifua kilimbana mpaka nikawa nalala nimempakata. Niliogopa kumzika ugenini. Nilifikiri hivyo hasa, sifichi.

Mwenye nyumba alikuwa mjane wa Kifipa, akiishi chumba cha mbele. Nilimwamkia shikamoo, nikamweleza. Akasema kwa upole, "Mwanangu, watoto wangu wote nimewalea humu, ukungu haukuwepo. Ninyi mnafunga dirisha mchana kutwa." Upole wake uliniudhi kuliko matusi. Nikamwambia nyumba ni yake, ukuta ni wake, mimi nalala tu humo. Tukanuniana, tukawa tunapishana uani kama hatujuani.

Basi nikaenda kwa balozi wa nyumba kumi. Siku zile balozi ndiye aliyeamua yote, kuanzia ugomvi wa kuku hadi wa ndoa, nami nilitaka amwaibishe yule mama. Akaja Jumapili, watu wanatoka misa, na majirani hawakosi pa kusimama. "Ndugu, tuuone huo ukuta," akaniambia. "Toeni vitu nje."

Hilo sikuwa nimelifikiria. Godoro likatoka, upande mmoja mweusi. Gauni langu la harusi likatoka, mabega yameota ukungu. Kisha balozi akainama kupita chini ya kamba niliyoifunga kutoka dirishani hadi mlangoni, nepi mbichi zikamgusa usoni. "Mbona hizi haziko nje, na jua limewaka tangu asubuhi?"

Nepi zangu zilikuwa mifuko ya kitambaa ya unga wa njano wa msaada. Nimeikata, nimeipinda, na maandishi yamegoma kutoka hata kwa majivu, maana sabuni yenyewe ilikuwa ya foleni. Mke wa karani! Kanga zilikuwa haba kwa kila mtu, lakini mimi nilijiona niko peke yangu. Ndiyo maana nilizianika ndani, nikafunga dirisha watu wasichungulie, nikawasha jiko la mkaa zikauke. Balozi akaichukua moja, akatoka nayo mlangoni aitazame vizuri. Mtu akacheka. Nilijifunika uso kwa upande wa kanga, nikalia mbele ya watu.

Kumbe hakuwa amemaliza. Akazunguka nyuma ya nyumba, nasi tukamfuata. Mwenye nyumba alikuwa amelima mpaka ukutani. Yalikuwa yale matuta ya duara ya Wafipa, ntumba, wanamofukia majani yaoze yawe mbolea, halafu juu wanapanda maharage. Shambani ni akili kubwa. Hapa yalikuwa yameegemea tofali bichi, yamelowa chepechepe, na balozi alipobonyeza ukuta kidole kikazama. Mama wa watu akatazama chini. Maharage yalikuwa ndiyo kwanza yanatoa maua, na tangu mumewe afariki hakuwa na shamba lingine.

"Mama, wewe utaondoa matuta," balozi akasema. "Na wewe ndugu, utafungua dirisha na kuanika nje." Akaenda zake.

Kesho yake nilitoka na beseni, mwenye nyumba akatoka na jembe. Nilianika mifuko yangu mbele ya njia, kila apitaye aisome. Yeye aling'oa maharage yenye maua bila kuinua kichwa. Mtoto mgongoni mwangu akaanza kukohoa, kile kikohozi chake kirefu. Yule mama akaacha jembe, akajifuta mikono, akamtoa mgongoni kwangu bila kuniomba. Akamwekea sikio kifuani, akasikiliza.

"Tulikuwa tunamuua huyu," akasema. "Mimi na wewe."