Mihuri Katika Wavu wa Kancho

Wavu umetandazwa kutoka langoni hadi kwenye mti wa jozi. Chini yake ameketi Zlatina, sindano ya nyavu mdomoni, akifungua fundo ambalo moyo wake hautaki lifunguke.

Yeye ni fundi nyavu. Kijijini kwake, ukingoni mwa mto Danube karibu na Silistra, wavu ukichanika hupelekwa kwake. Huu ulio mbele yake aliusuka mumewe, Kancho, mwaka aliozama mtoni. Karatasi ya msiba yenye picha yake iko langoni, na kila mwaka Zlatina hubandika mpya.

"Kila fundo hapa ni vidole vyake," ananiambia. "Nikikata, nitabaki na nini?"

Balaa limeletwa na chubwi, yaani vipande vya risasi vya kuzamishia wavu. Kancho hakununua. Mafuriko yalipomegua ukingo, aliokota visahani vya risasi vyenye tundu tayari.

"Aliniambia, 'Mke wangu, mto wenyewe umenitobolea.' Kimoja kilimkwaruza, akakiponda kwa nyundo."

Kumbe tundu lilikuwa la uzi wa kufungia barua. Visahani hivyo ni mihuri ya makamanda wa dola ya kale ya Bizanti waliolinda mpaka huu karibu miaka elfu moja iliyopita. Barua zimeoza, risasi imebaki, na kwa sheria ni mali ya taifa.

Aliyeitambua ni Plamen, kijana wa jirani, ambaye hufanya kazi kwenye makumbusho.

"Shangazi, nipe mkasi. Dakika mbili tu."

"Mkasi kanyolee kondoo wa mama yako."

Plamen alicheka, akasugua muhuri mmoja kwa kidole gumba, akasoma: "Bwana, msaidie mtumishi wako Theodoros, kamanda wa Dorostolon." Ndilo jina la kale la Silistra.

Zlatina akafanya ishara ya msalaba. "Mungu amsamehe," akasema, kama isemwavyo hapa kila anapotajwa marehemu.

"Shangazi, huyo kafa zamani mno."

"Marehemu ni marehemu. Umemtaja, muombee."

Plamen akavua kofia. Siku hiyo Zlatina alikubali kuitoa mihuri, kwa masharti yake: mafundo atayafungua mwenyewe, bila kukata, na kwenye maelezo ya makumbusho liandikwe jina la aliyeiokota.

"Hata huu uliopondwa?" Plamen aliuliza.

"Huo hasa. Andika umepondwa na Kancho Dobrev."

Plamen ameahidi, na wakubwa wake wameridhia.

"Hatukujaliwa mtoto," Zlatina ananiambia. Uchungu wake haufichi. "Nikifa, nani atabandika karatasi langoni? Lakini pale watu watasoma. Hakosi mmoja wa kumuombea."

Fundo linaachia. Muhuri uliopondwa unaangukia mapajani mwake, naye anaufunika kwa kiganja.

"Kancho," anasema, kisha ananitazama na kungoja.

"Mungu amsamehe," namjibu.