Sugu za Baba na Viatu vya Bonane

Juma lililopita mjukuu wangu alinijia akichechemea, akaketi, akaupandisha mguu wake juu ya mapaja yangu kama vile nilikuwa nimeuagiza. "Kambo, angalia hii kintu," akaniambia mimi nyanya yake. Nikavaa miwani. Kwenye kidole kidogo, upande wa nje, palikuwa na sugu, ngozi ngumu ya manjano yenye kiini katikati mfano wa punje ya mahindi. Nilitazama kiatu chake, kimechongoka mbele, nikamwambia akitupe. Alicheka, akasema amekuja kutafuta dawa, hakuja kanisani. Basi nikampa dawa zote ninazozijua, na ninazijua nyingi, akaenda zake. Mimi nikabaki kwenye kiti, na wewe rafiki yangu ungeniona ungedhani nimesinzia. Nilikuwa nangoja kuona kama nitasikia uchungu wowote. Sikusikia kitu.

Nilikulia Kamalondo, wakati mji wetu ukiitwa Élisabethville. Sisi Weusi tulikaa upande wetu na Wazungu upande wao, na katikati walikuwa wameacha uwanja mtupu wa majani. Mama yangu alifariki nikiwa bado nanyonya, kwa hiyo nilikua mikononi mwa baba na mama yake baba, yaani nyanya yangu, ambaye kwetu huitwa kambo. Asubuhi za Juni na Julai baridi ilikuwa kali, na moshi wa kiwanda cha shaba ulituwasha koo kabla hatujanywa chai. Kambo aliwasha makaa kwenye mbabula, jiko letu la bati, nje ya mlango, akanusa tumbaku yake, akapiga chafya tatu, na hapo ndipo nyumba nzima ilijua kumekucha. Jioni alisonga bukari, ugali wetu, akapika sombe, yaani majani ya muhogo, kwa karanga, na siku ya bitoyo, wale samaki wakavu wa chumvi, harufu ilikaa kwenye nguo zangu za shule mpaka darasani. Mwalimu alinifungulia dirisha.

Baba alikuwa karani katika duka kubwa la mjini. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kiasi kwamba majirani walimletea barua zao aziandike upya, hata zile za kugombana. Mkubwa wake alikuwa Mzungu mwembamba mwenye miguu midogo. Kila Bonane, ndivyo tulivyouita mwaka mpya, Mzungu huyo alimpa baba viatu vyake alivyokwisha kuvichoka, vya ngozi, vimepigwa rangi vikang'aa. Mwaka wa kwanza alimwuliza kama vinamtosha. Baba akaviingiza miguuni, vidole vikajikunja humo ndani, akajibu kwamba vinamwenea vizuri kabisa.

Usimcheke. Karani wa siku zile angemwambiaje mkubwa wake kwamba zawadi yake ni ndogo? Na akishasema vinamwenea, ilimbidi avivae, maana Mzungu alivitazama kila asubuhi na kufurahi. Bonane iliyofuata vikaja vingine, na iliyofuata tena vingine. Fundi cherehani, jirani yetu, alimwonea baba wivu waziwazi, akasema mtu mwenye bahati huanzia miguuni. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Baba alitembea kutoka Kamalondo hadi mjini na kurudi, siku sita kwa juma, na sugu zikamwota juu ya vidole, kando ya vidole, na moja katikati ya vidole viwili vya mwisho, laini na nyeupe kwa jasho, ambayo ndiyo ilikuwa mbaya kuliko zote.

Kambo, aliyetembea pekupeku maisha yake yote, alikuwa na nyayo ngumu kupita hata soli, na hazikumwuma kamwe. Alizigawa sugu mafungu mawili. "Sugu ya chini ya muguu inatoka ku kazi," alisema. "Sugu ya pa kidole inatoka ku kiburi." Baba hakuwa mtu wa kiburi, na nadhani kambo alijua hivyo, lakini akipata neno zuri hakuweza kuliacha lipite.

Kazi ya kuuguza miguu ile ilikuwa yangu. Baba akirudi, nilimwekea karai la maji ya moto yenye chumvi, akatumbukiza miguu na kufumba macho. Tulikaa hivyo mpaka ngozi ilegee. Kisha nilichukua kipande cha tofali la kuchoma, nikazisugua zile sugu polepole, kuelekea upande mmoja tu, kama kambo alivyonifundisha, mpaka unga mweupe uanguke. Baadaye mawese, kidogo, kwa kidole. Siku nyingine tulichanja papai bichi, tukadondosha utomvu wake juu ya sugu yenyewe, baada ya kupaka mafuta pembeni ili ngozi nzima isiungue. Akienda kulala, nilimfungia kipande cha limau kwa kitambaa. Mama mmoja wa Kasai, nyumba ya tatu kutoka kwetu, aliapa kwamba kitunguu saumu kinashinda limau, na kwa siku kadhaa chumba cha baba kilinuka kama jiko lake. Hata fundi cherehani alisaidia. Alikata viduara vya blanketi kuukuu, akavitoboa katikati, ili sugu ikae ndani ya tundu na kiatu kisiiguse.

Dawa hizo zilifanya kazi, ujue. Baba alipopewa likizo alishinda nyumbani na makubazi ya mpira wa gari, na katika majuma mawili sugu zilipungua, moja ikang'oka yenyewe ndani ya karai, tukaitazama wote watatu. Kisha likizo ikaisha. Kambo alimwambia, "Toa ile kiatu, weye. Dawa yangu haiwezi kushinda kiatu ya Muzungu." Baba akajibu, "Mama, kesho asubui ataangalia miguu yangu."

Kitu kimoja tu kambo alikataza, wembe. "Wembe, hapana. Muguu iko mu udongo kila siku. Ukiifungula, udongo inaingia."

Mwaka niliotimiza miaka kumi, baba aliomba ile karatasi ya Mweusi aliyestaarabika. Huenda wewe ni kijana na hujui. Wazungu walikuja nyumbani kwako, wakatazama sufuria, vitanda, uma na visu, choo, namna mkeo anavyokaribisha wageni kama unaye, kisha wakaamua kama unafaa. Wengi waliitaka kwa sababu zao. Baba aliitaka kwa sababu yangu, kwani mwenye karatasi ile aliweza kuombea mtoto wake nafasi katika shule ya mjini, na alikuwa ameamua kichwani mwake kwamba mimi nitasoma na watoto wa Wazungu. Wageni wangekuja Jumatatu. Jumapili ile hakuweza hata kuvaa soksi.

Kambo alikuwa amekwenda Katuba kumtazama mgonjwa. Baba alikaa nyuma ya nyumba, juani, na wembe mpya mkononi. Alijaribu mwenyewe, lakini ile sugu ya katikati ya vidole hakuiona vizuri. Akaniita mama, kama baba wa kwetu wanavyowaita binti zao.

"Mama, macho yako iko muzuri. Saidia miye kidogo."

Nilimwambia kambo alikataza.

"Kambo haiko hapa. Kata tu. Haiko inauma."

Nikakata. Ngozi ya juu ilitoka bila shida, nyembamba, haina rangi wala damu, na nisikufiche, nilijisikia fundi. Baba akasema, "Kidogo tena. Kuko kiini mule ndani. Toa ile." Nikaingiza ncha ya wembe kukitafuta kiini. Mguu ukaruka. Damu ikaja, si nyingi. Baba alivuta pumzi, akanipapasa kichwa, akasema, "Haiko kintu, mama. Usiambie kambo." Akajifunga kitambaa. Mimi nikaosha wembe, nikaurudisha mahali pake.

Kesho yake wageni walikuja watatu, wakakalia viti vyetu vitatu. Baba alisimama muda wote, ndani ya viatu vyake vya Bonane, jasho likimtiririka shingoni katika baridi ya Julai. Walihesabu uma. Mmoja wao alivisifu viatu. Walipoondoka baba alivua, na soksi haikutoka peke yake, ilibidi kuilowesha.

Aliendelea kwenda kazini siku nane. Siku ya tisa mguu ulikuwa umevimba hadi kwenye goti, na fundi cherehani alimbeba kwa baiskeli hadi hospitali ya Weusi. Daktari alisema wamechelewa kumleta. Walimkata vidole vitatu. Nilipopelekwa kumwona, aliniuliza kama nimefanya kazi ya shule. Nilisema ndiyo. Sikulia. Nilitazama umbo la mguu chini ya shuka, nikaona tu kwamba ni fupi.

Jibu la wageni lilifika baada ya miezi: ajaribu tena siku nyingine. Hakujaribu. Nilisoma shule ya misheni papo hapo Kamalondo, na niliyoyajua yalinitosha kuishi.

Kambo hakumsamehe baba. Kila alipomwona akipanda ngazi ya mlango kwa kujishika ukutani, alianza upya: mtu mzima, mwenye akili ya karatasi, anajikata mwenyewe kama kuku, na alikwisha kuambiwa. Baba aliinamisha kichwa, akala bukari yake. Ilikuwa hivyo miaka.

Mara moja tu nilitaka kusema. Nilikuwa na miaka kumi na minne, tunachambua sombe mimi na kambo, naye anaendelea na lawama zake zilezile. Nikasema, "Kambo, ile siku ya wembe, miye..." Baba alikuwa chumbani. Sijui alitokaje kwa haraka vile na mguu ule. Alisimama mlangoni, akanikemea kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kabla wala baadaye: "Nilikata miye! Unasikia? Miye njo nilikata!" Kambo akasema, si ndivyo ninavyosema kila siku? Nikainamia majani.

Alinipenda, najua. Alilichukua kosa langu akaliweka mgongoni mwake, na mimi sikuachiwa hata kidogo cha kulilia. Nadhani ni hapo mahali fulani ndani yangu palipokufa ganzi. Nilimzika kambo, nikamzika baba, watu wakasema binti huyu ana moyo mgumu.

Siku hizi nikipita Kamalondo siioni nyumba yetu. Pamejengwa ghorofa, chini wanauza simu. Uwanja ule mtupu wa majani umejaa nyumba, na hata ile karatasi ya kustaarabika hakuna anayeikumbuka. Sisikitiki juu ya hayo. Ila mara nyingine, hasa wakati wa baridi, ninatamani atokee mtu mmoja mzee kuliko mimi, aliyemjua baba, aniite kwa jina langu la utoto na kunigombeza kwa nini niliukata mguu wa mtu. Nimetafuta. Hayupo.